Nyumba ya Lincoln kilimani, Washington: nendeni na mtu aliyewahi kuuguza

Watu wetu wakija Washington kututembelea, sote tunawapeleka kulekule. Ikulu wanaipiga picha kupitia nondo za uzio, wanapandishwa ngazi za ile sanamu kubwa ya Lincoln aliyeketi, wanaingizwa makumbusho ya ndege, na jioni miguu imevimba. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Songea nilitaka kumpeleka mahali pa kukaa na kusikiliza, maana ni mwalimu mstaafu na hapendi kukimbizwa. Nikampeleka President Lincoln's Cottage, nyumba ambayo Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati huo, mkewe Mary na mtoto wao Tad walikuwa wakihamia kila majira ya joto, 1862 hadi 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku. Naiandikia nyumba hii kwa moyo wote kwa sababu sijaona ziara nyingine katika jiji hili inayoonyesha hivi jinsi vita vinavyoingia hadi chumbani mwa watu, hata chumbani mwa yule anayeviongoza.

Kwanza njia. Nyumba iko kaskazini mwa jiji, kama maili tatu kutoka Ikulu, ndani ya eneo la makao ya wanajeshi wastaafu. Makao hayo yangali yanafanya kazi, kwa hiyo utapita getini kwa mlinzi na utakutana na wazee wanaoishi humo. Ukipanda treni, shuka kituo cha Georgia Ave-Petworth kwenye laini ya kijani, kisha utembee. Kwa mtu mwenye magoti mabovu afadhali teksi. Tiketi nunueni mapema mtandaoni, kwa sababu hakuna kuingia ndani ila na mwongozaji, na makundi ni madogo. Ziara ni kama saa moja.

Sasa jambo ambalo lazima mlijue kabla hamjalipa: ndani karibu hamna kitu. Hamna kitanda cha rais, hamna vikombe vyake, hamna nguo za mkewe kwenye kabati la kioo. Kuna viti vya wageni kukalia, kuta zilizopakwa rangi kwa uangalifu, na ghorofani kuna meza ndogo ya kuandikia iliyochongwa kwa kuiga ile ya kweli, ambayo iko Ikulu. Kila msimu familia ilipakia vyombo vyake kwenye mikokoteni kutoka Ikulu, na msimu ukiisha ikavirudisha. Waliokarabati nyumba hii hadi kuifungua kwa umma mwaka 2008 waliamua kutojaza vitu vya kubuni. Kwangu huo ni uamuzi wa heshima. Niliwahi kuingia jumba jingine la kiongozi, mji mwingine, tukapitishwa mbiombio nyuma ya kamba mbele ya sahani na mapazia, na nilipotoka sikujua hata huyo mtu alikuwa na watoto wangapi. Hapa unakaa kitini, mwongozaji anakaa nanyi, anasimulia, anauliza, watu wanajibu. Aliyetuongoza sisi alikuwa kijana mpole, anayesubiri mtu amalize kufikiri. Mama anasikia Kiingereza kikisemwa taratibu, na yule kijana alilitambua hilo bila kuambiwa.

Mwenyewe wa kwanza wa nyumba alikuwa tajiri wa benki, George Washington Riggs, aliyejijengea mwaka 1842 kwa sababu ya upepo wa kilimani. Mwaka 1851 eneo likawa makao ya askari wazee na walemavu, kwa fedha ambazo Jenerali Winfield Scott alizitoza mji wa Mexico wakati wa vita na nchi ile. Mmoja wa maseneta waliopigania makao hayo yaanzishwe alikuwa Jefferson Davis. Miaka kumi baadaye Davis ndiye rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na adui yake ndiye aliyelala humu.

Ila mtu haelewi kwa nini familia hii ilipanda kilimani bila kujua kilichotokea kule chini Februari 1862. Vita vilikuwa na miezi kumi. Ikulu ilikuwa imeandaa karamu kubwa tarehe 5, mialiko imekwishatoka, bendi ya wanamaji ipo, wageni kwa mamia. Juu ghorofani mtoto wao Willie, mwenye miaka 11, alikuwa na homa. Baba na mama wakawa wanapokezana kupanda ngazi kumtazama, kisha wanashuka tena kusalimiana na watu. Mimi hapo ndipo koo lilinibana. Nimewaona wazazi wa namna hiyo wodini: simu ya kazini mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye paji la uso la mtoto. Ilikuwa homa ya matumbo, ugonjwa ambao kila mtu aliyekulia kwetu anaufahamu, na inaaminika ilitokana na maji machafu ya mto Potomac yaliyokuwa yakiingia Ikulu. Jeshi zima lilikuwa limepiga kambi kandokando ya mto huo. Katika vita vile askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi, na maradhi hayo hayakuuliza nani ni mtoto wa rais.

Willie alifariki tarehe 20 Februari. Tad, mwenye miaka minane, alikuwa kalala naye anaumwa homa ileile. Huko nyuma, mwaka 1850, walikuwa wamekwishamzika Eddie, hata miaka minne hajatimiza. Kwa hiyo katika wana wanne walibaki wawili: Tad aliye kitandani, na Robert aliye chuoni Harvard.

Nawaombeni mumuulize mwongozaji habari za wanawake wawili. Wa kwanza ni Rebecca Pomroy, muuguzi aliyetolewa hospitali ya jeshi kwenda kumuuguza Tad na mama yake. Alikuwa mjane, amezika mume na watoto wawili, na mwana wake aliyebaki yuko jeshini. Wa pili ni Elizabeth Keckly, fundi wa nguo za Mary, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani na kujinunua yeye na mwanawe mwaka 1855 kwa dola 1,200. Mwanawe huyo, George, wa pekee, aliuawa vitani Missouri Agosti 1861. Ni Keckly aliyemwosha Willie na kumvika. Fikirieni chumba kile: mke wa rais kalala hajiwezi kwa kilio, na wanaomshika ni mjane mwenye makaburi matatu na mama aliyempoteza mwana wa pekee miezi sita tu nyuma. Vitabu vya shule vinatueleza majenerali. Hawa wawili ndio waliobeba nyumba.

Juni mwaka ule wakahamia kilimani. Mama alisikiliza mpaka hapo, kisha akaniinamia akasema, "Kumbe walikuja kumalizia matanga." Nikamfasiria mwongozaji kadiri nilivyoweza. Akatikisa kichwa, akatueleza kwamba Julai 1862 Mary aliandika barua akiwa kwenye nyumba hii, akisema kuwa mtu akiwa katika majonzi utulivu ni hitaji kubwa.

Utulivu wenyewe lakini! Ng'ambo ya barabara tu kuna makaburi ya askari, yaliyofunguliwa mwaka 1861 baada ya Kaskazini kupigwa vibaya pale Bull Run. Maiti zililetwa kutoka hospitali za mjini siku baada ya siku. Kufikia 1864 walikwishazikwa zaidi ya 5,000, nafasi ikaisha, ndipo wakaanza kuzika Arlington. Mtu amekimbia kifo cha mwanawe, akifungua dirisha anawaona wana wa wenzake wakichimbiwa. Mama anatoka Songea, mji wenye makumbusho ya Majimaji na kaburi la pamoja la walionyongwa mwaka 1906, kwa hiyo makaburi ya vita kando ya nyumba hayakumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba rais alikubali kulala hapo misimu mitatu. Mimi nadhani alitaka kuwaona. Hilo ni wazo langu, si la mwongozaji.

Kuhusu Mary nataka kusema zaidi kidogo, maana ndiye anayesemwa vibaya kila mahali. Ni kweli alitumia fedha kupita kiasi: Bunge lilitenga dola 20,000 za kuipamba Ikulu kwa miaka minne, yeye akazimaliza mapema na kupitiliza, wakati askari wanakosa mablanketi. Ni kweli alikuwa na hasira. Ni kweli pia kwamba baada ya Willie alianza kuwatafuta watu wanaodai kuzungumza na wafu. Sasa tazameni upande wa pili. Alizaliwa Lexington, Kentucky, katika familia yenye watumwa, na ndugu zake wengi wa baba mmoja walikwenda kupigania Kusini. Samuel aliuawa Shiloh, Aprili 1862. Alexander aliuawa karibu na Baton Rouge, Agosti mwaka huohuo, Mary akiwa bado kwenye nyumba hii na nguo zake nyeusi za kumlilia Willie. Huyo hakuruhusiwa kumlilia. Angetoa chozi mbele ya watu, magazeti ya Kaskazini yangesema anawalilia waasi. Na Kusini walikuwa wamekwishamwita msaliti. Msiba usio na matanga, majirani hawaji, chai haipikwi, ndugu hawaitwi. Nimewaona watu wetu huku ughaibuni wakifiwa na ndugu nyumbani halafu wakaingia zamuni kana kwamba hakuna kitu, na najua msiba wa namna hiyo unaufanya nini mwili.

Septemba 1863 akafa Benjamin Hardin Helm, jenerali wa Kusini, mume wa Emilie, mdogo wake Mary, kwenye mapigano ya Chickamauga. Mary alikuwa New York; Lincoln ndiye aliyempelekea habari kwa telegramu. Desemba mjane huyo akafika Ikulu na mtoto wake wa kike. Watoto nao wakagombana kwenye zulia: Tad anasema rais ni baba yake, binamu yake anasema rais ni Jeff Davis. Wakubwa hawakufurahi. Jenerali Daniel Sickles, aliyekatwa mguu kwenye mapigano ya Gettysburg, alimwambia Lincoln waziwazi kwamba hafai kuweka mwasi nyumbani mwake. Lincoln akajibu kwamba yeye na mkewe huchagua wenyewe wageni wao. Kisa hiki ni cha Ikulu, si cha kilimani, lakini bila hicho hutaelewa familia ile ilivyokatwa vipande. Kama mwongozaji wako hakukigusa, kiulize.

Ukumbini mnasimuliwa kisa ambacho mimi sikukipenda kukisikia na bado nashukuru hawakukificha. Kiangazi cha 1862 alifika ofisa mmoja wa jeshi, Kanali Scott. Mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza, wakati wa kurudi meli ikagongana na nyingine mtoni Potomac, mke akazama. Kanali aliomba ruhusa ya kwenda kuutafuta mwili, Wizara ya Vita ikamkatalia, akapanda kilimani jioni kumwomba rais mwenyewe. Alimkuta Lincoln amejilaza kitini, amechoka, miguu imenyooka. Lincoln akamfokea: je, hata huku hawezi kupata pumziko? Kila mtu ana msiba, akamwambia aende. Asubuhi yake Lincoln akaenda mwenyewe hotelini kwa yule kanali, akamwomba radhi, akamsaidia kuupata mwili wa mkewe. Watu wengine kwenye kundi letu walitabasamu, wamefurahi kwamba mambo yaliisha vizuri. Mimi nilibaki kwenye lile jibu la jioni. Najua uchovu huo, ule wa saa kumi usiku, mgonjwa wa mwisho anapobonyeza kengele. Mtu anayeendesha vita akiwa amefiwa na mtoto hana akiba ya huruma isiyokwisha, na nyumba hii haikudanganyi kwamba alikuwa nayo.

Chumba cha ghorofani chenye meza ndicho wengi wanakijia. Hapa Lincoln alifanyia kazi Tangazo la Ukombozi, lile alilolitoa kwa mara ya kwanza tarehe 22 Septemba 1862 na likaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863, kuwatangazia uhuru watumwa wa maeneo yaliyoasi. Ndani ya Washington utumwa ulikuwa umekwishakomeshwa Aprili 1862, na waliolipwa fidia ni wenye watumwa, hadi dola 300 kwa kila mtu. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Mwongozaji alilisema hilo bila kuzungukazunguka, akanyamaza akatuacha tulifikirie. Njia ya rais kwenda na kurudi mjini ilipita watu weusi waliotoroka utumwani na kujazana kambini bila nguo wala chakula, na Keckly ndiye aliyeanzisha chama cha kuwasaidia mwaka 1862, Mary akachanga dola 200. Kwa hiyo meza ile msiitazame peke yake. Kuna mshonaji wa kike katika hadithi ya meza ile.

Watoto mtakaokwenda nao watampenda Tad. Askari wa Pennsylvania waliopiga kambi karibu kulinda nyumba walimfanya kama ndugu yao mdogo, wakampa cheo cha luteni, akawa anakula nao maharage kwenye foleni yao. Alikuwa na mbuzi. Mtunza bustani kilimani alilalamika kwamba wanamaliza maua, mbuzi mmoja akateremshwa Ikulu, na Agosti 1863 Lincoln akaketi kumwandikia Mary, aliyekuwa safarini na Tad, kwamba mbuzi huyo alikutwa katikati ya kitanda cha Tad anacheua, na kwamba sasa kapotea, hajulikani alipo. Mwezi mmoja baada ya Gettysburg! Maelfu ya maiti, barua za majenerali mezani, na baba anatafuta jinsi ya kumweleza mtoto kuhusu mbuzi. Mama alicheka hadi akatoa leso.

Kiangazi hichohicho Mary alikaribia kufa, na hapa naongea kama muuguzi. Tarehe 2 Julai 1863, siku ya pili ya mapigano ya Gettysburg, alikuwa akiteremka mjini kutoka nyumba hii, kiti cha dereva wa gari lake la farasi kikachomoka, farasi wakatimka, akaruka na kupiga kichwa chini. Ilishukiwa kuna mtu aliyelegeza skrubu makusudi, akimkusudia rais. Siku iliyofuata Lincoln alimpelekea Robert telegramu asiwe na wasiwasi, mama kaumia kidogo tu. Haikuwa kidogo. Kidonda kilioza, akalala kwa wiki, Pomroy akaitwa tena. Nchi nzima ilikuwa ikipokea habari za Gettysburg, kisha Vicksburg, mji wa Kusini, umeanguka, bendera zinapepea, na mwenye nchi ana mgonjwa aliyeumia kichwa ndani. Wanaosema Mary "alibadilika" wangeanzia hapo, kwenye lile jeraha la kichwa, kabla ya kuzungumzia tabia yake.

Njia ya maili tatu nayo ilikuwa vita vya peke yake. Asubuhi Lincoln alishuka mjini, jioni akapanda. Kiangazi cha 1863 mshairi Walt Whitman, aliyekuwa akiwatembelea majeruhi hospitalini, alimwona karibu kila siku akipita na wapanda farasi 25 hadi 30 wenye panga wazi, na wakafikia kusalimiana kwa kichwa. Walinzi hao Lincoln hakuwataka, mara nyingine aliwatoroka. Agosti 1864 akiwa peke yake usiku karibu na geti, risasi ikalia, farasi akakimbia, kofia ikaanguka. Askari walioifuata waliikuta ina tundu. Alitaka jambo hilo lisitangazwe.

Mwezi mmoja kabla ya hapo vita vyenyewe vilimfuata. Jeshi la Kusini la Jubal Early lilikuja kutoka kaskazini hadi mlangoni mwa jiji, na makao ya Early yalikuwa Silver Spring, katika jumba la familia ya Blair, hapahapa mjini ninapoishi. Usiku wa tarehe 10 Julai 1864 familia iliondolewa kilimani kwa amri ya Waziri wa Vita. Tarehe 11 na 12 kulipiganwa ngome ya Fort Stevens, na Lincoln akapanda juu ya ukuta kutazama, mrefu vile, risasi zinapita. Daktari wa jeshi aliyesimama karibu naye alipigwa. Kwenye Georgia Avenue, ukiendesha gari kutoka kwetu kwenda nyumba ya Lincoln, kuna makaburi madogo ya askari 40 waliokufa pale. Simameni, ni dakika tano, na ziara itawaeleeni vizuri zaidi.

Robert ndiye aliyenitatiza. Wana wa watu walikuwa wakiandikishwa kwa lazima tangu 1863, na mwenye dola 300 aliruhusiwa kulipa abaki nyumbani. Mtoto wa rais alikuwa Harvard. Watu walinung'unika, na Mary hakutaka kusikia habari za kumtoa. Januari 1865 ndipo Lincoln alipomwandikia Jenerali Ulysses Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, akimwomba kama rafiki amchukue kijana katika kundi lake, na Robert akawa kapteni kando ya jenerali, mbali na mstari wa mbele. Nilimuuliza Mama anaonaje. Akasema, "Mama aliyezika wawili, mimi simhukumu. Baba mtu ndiye angejibu." Mimi naona vingine: wamama wa wale 5,000 wa ng'ambo ya barabara nao walikuwa na haki ya kuuliza. Tulibishana garini hadi nyumbani, kwa heshima.

Tarehe 13 Aprili 1865 Lincoln alipanda tena farasi kuja kilimani. Kesho yake alipigwa risasi. Garimoshi lililompeleka Springfield kuzikwa lilibeba na jeneza la Willie. Tad alifariki 1871, miaka 18. Mwaka 1875 Robert alimpeleka mama yake mahakamani, akatangazwa mwenye wazimu, akawekwa katika hospitali ya watu binafsi huko Batavia, Illinois kwa miezi kadhaa. Ziara inapita haraka hapo kwa sababu nyumba hii haihusiki tena.

Kwa hiyo nani aende? Watoto wadogo sana watachoka kukaa. Wa miaka kumi na kuendelea wataweza. Mtu anayetaka kupiga picha za dhahabu na vitanda vya kifalme asipoteze fedha zake. Walimu, wauguzi, wanajeshi, mtu yeyote aliyewahi kulea mgonjwa huku akitakiwa kazini, mpelekeni. Kabla au baada ya ziara kuna jengo la wageni lenye maonyesho na duka dogo. Mwaka 2020 walifungua hapo maonyesho kuhusu wazazi waliofiwa na watoto, wakikiweka kisa cha akina Lincoln pamoja na cha familia za siku hizi, na moyo huo bado unausikia katika namna waongozaji wanavyozungumza. Nje kuna sanamu ya shaba ya Lincoln na farasi wake, kimo cha mtu halisi, na hapo ndipo pa kupiga picha. Mvae viatu vya kutembea, mchukue maji.

Natoa nyota tano. Shemeji yangu, aliye jeshini Virginia, ameahidi kuja naye mkewe mwezi ujao, na Mama kasema hatarudi Songea kabla hajamwekea yule kijana swali lake kuhusu Robert.